Nairobi au Dar es Salaam? Ulinganisho kwa mtu wa Lamu anayetaka kutembea jiji

Mombasa siihesabu. Mtu wa Lamu akienda Mombasa hajasafiri, amekwenda kwa shangazi yake. Swali linalozunguka barazani kila likizo ya Agosti au Desemba ikikaribia ni la kuvuka Mombasa: visenti vimewekwa, watoto wanataka kuona jiji kubwa, je, twende Nairobi au twende Dar? Na kila mtu husifia jiji alilofika yeye.

Nimeyatembea yote mawili, na hapa nayapima kwa vigezo vile vile: karatasi, njia, hali ya hewa, kutembea ndani ya jiji, kula na kulala, vya kuona, kununua, kisha watu na usalama. Simzungumzii anayelala hoteli za nyota tano. Huyo hana haja na ushauri wangu. Naizungumzia familia ya kawaida inayoshuka gatini alfajiri na masanduku yake kuvuka Mokowe.

Nitangulize jambo moja, maana litajirudia. Nairobi kufika ni rahisi, taabu yake huanza ukishafika. Dar taabu yake iko njiani, na ukishaingia unapumua. Basi chagua taabu unayoiweza.

Karatasi

Nairobi haitaki zaidi ya kitambulisho. Lakini kiwe chenyewe, si picha kwenye simu, kwa sababu utakitoa mara nyingi kuliko unavyodhani. Kwenye vizuizi kati ya Mokowe na Garsen abiria hushushwa, hupanga foleni na vitambulisho mkononi, kisha hupanda tena. Stesheni ya treni ya Miritini, Mombasa, unakitoa upya. Watoto wachukulieni vyeti vya kuzaliwa.

Dar ni habari nyingine. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, na wengi hudhani Tanzania ni vivyo hivyo. Sivyo. Utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kila mtoto yake. Maombi hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kisha kuna siku ya kwenda ofisini kutoa alama za vidole. Jamaa zetu wa visiwani wanajua kitambulisho chenyewe kinavyoweza kumzungusha mtu, na pasipoti huja juu ya hicho. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano: sindano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, na ukishachomwa ni ya maisha. Viza Mkenya halipi.

Kwa ufupi, safari ya Nairobi unaweza kuiamua Jumatatu ukaondoka Jumatano. Ya Dar, kama huna pasipoti, anza kuipanga miezi kabla.

Njia

Kipande cha kwanza ni cha wote: boti hadi Mokowe, basi la asubuhi, halafu Hindi, Witu, Gamba, Garsen, Malindi, Mombasa. Lami ya Garsen hadi Lamu imeokoa migongo ya watu, wanaoikumbuka ile njia ya vumbi na matope watanielewa. Lakini mvua kubwa zikinyesha huko bara, Mto Tana hufurika na barabara hukatika upande wa Gamba na Lango la Simba, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Anayesafiri msimu wa mvua aache siku mbili tatu za akiba upande wa kurudi, hasa kama mtoto anafungua shule.

Kutoka Mombasa kwenda Nairobi mabasi yapo mchana na usiku, lakini mwenye watoto namshauri treni. SGR ilianza kubeba abiria mwishoni mwa Mei 2017, na safari ni ya saa tano hadi sita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500; watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Tiketi hukatwa kwa simu, *639#, unalipa kwa M-Pesa. Treni ya asubuhi husimama vituo vidogo vya njiani. Ya alasiri na ya usiku hukimbia moja kwa moja. Ya usiku inakuepusha na gharama ya kulala Mombasa, maana basi la Mokowe likienda vizuri hukufikisha alasiri, na Miritini iko nje ya kisiwa. Ila usiku hamtaona kitu, na kile ambacho watoto watakisimulia mwaka mzima ni mchana wa Tsavo: ndovu wamejipaka ule udongo mwekundu mpaka wanaonekana kama wamechorwa.

Miritini pana jambo la kuwaandalia wazee, maana kwetu unyevu wa mbwa ni najisi. Kabla hamjaingia, mizigo hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasimama kando, na mbwa wa kunusa hupitishwa begi baada ya begi. Nilimshuhudia bibi mmoja wa kwetu akilisogeza sanduku lake kwa ncha ya mguu, kidogo kidogo, litoke mstarini. Askari akamwona.

“Mama, acha hapo hapo. Ananusa tu.”

“Ananusa kwa pua ipi, mwanangu? Si hiyo hiyo yenye maji?”

Sanduku lilirudi mstarini na mbwa akapita. Bibi alitoka Mombasa mpaka Voi hajalishika. Nguo za sala zitieni kwenye mfuko wake ndani ya begi, na juu ya begi funikeni kitu cha kufulika.

Mwenye uwezo ana ndege: uwanja wetu wa Manda hadi Nairobi ni zaidi ya saa moja hivi. Ndege ndogo zinazotua Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, hukubali kilo 15 za mzigo, na ukishatia halua na zawadi za watu, nguo utazivaa zote mwilini.

Kwenda Dar, Mombasa utalala, kisha upande basi la kuvuka kusini kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, Ukunda, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, hadi Dar. Ni siku nzima. Mpakani mnashuka, mnagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia chini ya paa moja upande wa Tanzania, mizigo inakaguliwa, na basi linangoja hadi wa mwisho amalize. Hapo ndipo wabadilishaji pesa wa mkononi hukuzunguka wakihesabu haraka haraka. Badilisha kidogo tu ya kula njiani, nyingine dukani mjini. Shilingi moja yetu huzaa karibu 20 za kwao, hivyo ukiambiwa chakula ni 10,000 usiruke: ni kama 500 yako. Na uliza mapema basi lenu linaishia wapi. Mabasi mengi ya mikoani hushushia kituo cha Magufuli, Mbezi, ambacho kiko mbali na katikati ya jiji, na kutoka pale na masanduku usiku ni safari ya pili.

Hali ya hewa

Dar ni pwani, mwili wako hautashangaa. Desemba hadi Machi joto lake ni la kutafuta feni tu. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na kuanzia Juni hadi Agosti jua huweza kupotea siku nzima. Leso haitoshi. Sweta, soksi, kofia ya mtoto, na mzee mwenye pumu asipelekwe msimu huo kama si lazima. Bahati mbaya likizo ya Agosti ndiyo ndefu ya katikati ya mwaka, na watu wetu wengi huijua Nairobi kwa mwezi huo huo, wakarudi wakisema ni jiji la mafua.

Kutembea ndani ya jiji

Hesabu kwanza ukubwa. Kaunti yetu nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Dar mwaka 2022 ilikuwa na 5,383,728. Mtoto wa Langoni au Mkomani amekua kwenye vichochoro ambavyo punda akija nyuma, mwenyewe huita simile, naye hujibana ukutani. Jijini hakuna wa kukuitia simile. Mfundisheni kuvuka barabara hapo Mombasa, kabla ya kwenda mbele.

Nairobi ni matatu. Zile nganya zilizochorwa mwili mzima, zenye muziki wa kutikisa kifua, watoto watazipenda na bibi atazilaani. Nauli hupanda asubuhi, jioni na mvua ikidondoka, hivyo muulize makanga kabla ya kuingia, tena akujibu mbele ya watu. Kila njia ina steji yake: Kencom, Odeon, Railways na nyinginezo, na kutoka moja hadi nyingine ni kwa miguu, mbio, katikati ya umati. Taksi za programu za simu zipo kila pembe, nazo ndizo nafuu kwa familia ya watu wanne yenye mizigo. Ile barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, hulipiwa; dereva akikuuliza “tupite juu?” ujue anazungumzia mfuko wako. Ukishuka SGR Syokimau, pana treni ndogo ya kukufikisha mjini, na foleni ya Mombasa Road unaiepuka.

Dar ina daladala, bajaji, bodaboda na mwendokasi. Mwendokasi, mabasi marefu yenye njia yao wenyewe tangu 2016, ni raha ukilipata saa nne asubuhi. Saa kumi na moja jioni ni kubanana hasa: tiketi umekata kituoni, basi la kwanza limejaa, la pili limejaa, la tatu unapandishwa na umati hutaki. Bajaji ndiyo itakayowafaa. Mtu wa pwani ya Kenya anaizoea siku ya kwanza, maana ni tuktuk ile ile. Foleni za Dar nazo si ndogo, lakini hakuna anayekuharakisha. Nairobi hata asiye na pa kwenda anatembea upesi.

Kula na kulala

Nairobi anayetaka halali bila maswali aende Isili (Eastleigh), South C au kandokando ya Msikiti wa Jamia ulio katikati ya mji, jirani na Soko la City. Isili utakula wali wa Kisomali, nyama ya ngamia, anjera, na chai ya viungo inayokaribia ya nyumbani. Samaki ndio msiba: wengi ni wa ziwani, na mtu aliyelelewa kwa changu na tafi atasema wananuka tope. Malazi ya bei nafuu ya katikati ya mji yana kelele usiku kucha. Kwa familia, Isili yenyewe au kwa jamaa South C ni bora.

Dar utakula kama uko nyumbani na zaidi. Mishkaki, supu ya pweza jioni, vitumbua, mihogo ya kukaanga pale Coco Beach, samaki wabichi wa soko la Feri wanaouzwa kwa mnada asubuhi na wakaangaji wako hapo hapo. Chipsi mayai mtoto atakula hadi umkataze. Tahadhari moja kwa Mwislamu: kibao kikiandikwa kitimoto, hapo ni nguruwe, pita. Gesti ziko tele Kariakoo na Magomeni, na mwenye gesti ataandika namba ya pasipoti yako kitabuni. Sinza nayo ina gesti nyingi, ila usiku wake ni wa muziki na baa. Uliza kwanza kama ni ya familia.

Vya kuona

Hapa Nairobi ina nguvu. Mbuga yake ya wanyama, iliyotangazwa 1946 na ya kwanza nchini, iko mlangoni mwa jiji: simba mbele, maghorofa nyuma. Mkenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kifuateni. Makumbusho ya Taifa yanahifadhi mifupa ya yule mvulana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, na kando yake pana nyoka, ambao watoto watawapenda kuliko mifupa. Jengo la mikutano la KICC, la tangu 1973, hulipiwa ukapanda mpaka paani. Mtoto ambaye gari kwake ni jambo la kuvuka bahari, msimamishe pale juu atazame chini. Maelezo yako hayatahitajika. Makumbusho ya Reli nayo ni madogo lakini yana vichwa vya treni vya kupandwa na kushikwa.

Dar haina kitu cha kumshtua mtoto namna hiyo. Makumbusho yake ya Taifa yana fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, na Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za makabila mbalimbali za kuingia ndani. Ukimaliza hayo, raha ya Dar ni kupunga hewa: kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni, kukaa Kivukoni kutazama meli, kupita daraja la Tanzanite jioni. Mwenye macho ya pwani atauliza nimetoka Shela kuja kuona bahari? Ni swali la haki. Faida ya Dar iko pembeni yake. Zanzibar ni saa mbili kwa boti ya kasi, na nusu ya Lamu ina jamaa Unguja. Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70, na magofu ya Kaole yenye msikiti wa kale. Na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma.

Kununua

Wanaokwenda kwa harusi wasome hapa polepole. Isili ina mabuibui, mazulia, mapazia, dhahabu na simu, ghorofa juu ya ghorofa, na bei hupungua ukinunua kwa jumla. Mzigo wote ni wa ndani ya nchi. Unaupakia kwenye basi na yamekwisha.

Kariakoo ni kubwa na ina roho yake. Jengo la soko liliungua Julai 2021, lakini Kariakoo ni mitaa, si jengo, na mitaa haikusimama. Kanga na vitenge vya huko vina chaguo ambalo huku hulipati. Hesabu ya mpakani lakini ifanye mapema. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, huweza kusamehewa ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo mpakani, kama zimo kwenye orodha inayokubalika. Kanga za viwanda vya Tanzania zina nafasi hiyo. Vyombo vya China ulivyonunua Kariakoo havina, na ile nafuu uliyoifurahia dukani huishia Lunga Lunga. Mifuko ya plastiki usiitie kwenye mzigo: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Watu na usalama

Nairobi watu si wabaya, wana haraka. Salamu ndefu utaipata nusu. Kijana atakujibu kwa Sheng, ukimwomba aseme Kiswahili atacheka na kukusaidia vizuri tu. Dar mtoto atampa bibi shikamoo bila kusukumwa, muuza duka atakuuliza habari za kwenu kabla ya bei, na lafudhi yako ya Kiamu itakupatia marafiki.

Simu isitolewe ovyo katikati ya Nairobi, wala usiishike dirishani mwa matatu. Dar mkoba usining'inie upande wa barabara, wako wanaopora kwa pikipiki. Kuhusu siasa, majiji yote mawili yameona siku mbaya: Nairobi maandamano ya Juni 2024, Dar uchaguzi wa Oktoba 2025, ambapo watu walizuiwa kutoka usiku na intaneti ikakatwa. Tazama kalenda ya nchi kabla ya kukata tiketi.

Nani aende wapi

Wenye watoto wadogo wa shule, safari yao ya kwanza, pesa za kubana: Nairobi, lakini Desemba au Aprili kuliko Agosti, na treni ya mchana.

Mwenye mama mzee au baba anayetaka kupumzika, kula vizuri na kuzungumza na watu: Dar, mradi aweze kuvumilia siku mbili za basi. Asipoweza, afadhali abaki Mombasa kwa shangazi.

Maharusi wapya, kama pasipoti zipo, waende Dar na wamalizie Unguja. Wa manunuzi ya harusi, ikiwa mahitaji ni kanga na vitenge, Kariakoo. Ikiwa ni mabuibui, mazulia na vyombo, Isili.

Mwenye mgonjwa anayetaka kuunganisha matembezi na hospitali asiumize kichwa, ni Nairobi, kwa sababu bima ya afya ya SHA, kwa matibabu ya kawaida, haivuki mpaka. Mwanafunzi anayesaka chuo pia, isipokuwa kama anataka kusoma Tanzania kwenyewe.

Na mwenye moyo wa Dar lakini pasipoti bado inasubiriwa, asiishikilie likizo hii kwa ajili yake. Akate tiketi ya Nairobi sasa, maana mabehewa ya Desemba hujaa wiki kadhaa kabla, na Dar aiweke ya mwaka ujao.